Nilivyowaalika Mbuzi Kwenye Chaka

Mkulajembe, mti mdogo wa miiba, ukiufyeka kwa panga wakati wa kiangazi, mvua za vuli zikishuka unakuta pale palipokuwa na shina moja pana vichipukizi vitano au sita. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini, na kila ilipoguswa na jembe inatoa mche mwingine. Marehemu baba aliajiri vibarua mwaka baada ya mwaka kufyeka kipande kilekile, na vibarua hawakulalamika hata siku moja. Kazi ilikuwa inazaa kazi.

Kipande hicho kipo Muheza, njia ya kuelekea Pangani. Ni ardhi iliyowahi kuwa ya mkonge, kama ardhi nyingi za Tanga tangu miche ya kwanza ilipopandwa Kikokwe, Pangani, mwaka 1893. Bei ya katani ilipoanguka, mashamba mengi yakaachwa, na pori halikuchelewa kuingia. Kwetu, chini bondeni kuna michungwa, katikati kuna minazi na mikorosho ya zamani, na juu, zaidi ya ekari nne, lilikuwa chaka tupu: mkulajembe, mkwamba, lantana, mlusina na nyasi zinazofika begani. Baba alipofariki shamba likabaki mkononi mwangu, na hesabu ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya kufyeka. Vibarua wa kwetu hulipwa kwa ngwe, na ngwe ya chaka la miiba bei yake si ya ngwe ya mahindi. Fedha ya kusafisha ekari moja tu ingenunua beberu mzuri na chenji ikabaki. Wazo la mbuzi lilianzia kwenye hesabu hiyo. Mimi na mifugo hatukuwahi kuwa marafiki.

Jamaa wakisikia habari hii hunitumia video za Marekani. Kweli kule jambo hili ni biashara. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilikodi mbuzi kama 200 wale magugu kwenye eneo lake la California, na mwaka 2013 makaburi ya Congressional Cemetery mjini Washington nayo yakaleta kundi la kukodi. Huko mwenye mbuzi analipwa. Muheza mwenye mbuzi kazoea kulipishwa. Nilipokwenda kwa mzee mmoja wa kitongoji cha jirani mwenye kundi la mbuzi kama 40, alinipokea kwa wasiwasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi wangu wamekula nini tena?"

"Hawajala kitu, mzee. Nimekuja kuwaalika."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwalimu, mimi maisha yangu yote naitwa kwa mwenyekiti kwa ajili ya mbuzi hawa. Leo wanaalikwa?"

Mapatano yetu hayakuwa na fedha. Yeye alipata malisho. Mimi nilijenga zizi la fito juu shambani, nikachukua jukumu la chakula cha mchana cha mchungaji, na samadi ikawa yangu. Mchungwa ukiharibiwa, mche kwa mche. Mchungaji alikuwa mpwa wake, kijana mkimya aliyekuwa akitembea na panga na redio ndogo, na nasema mapema kwamba mafanikio yote yaliyopatikana pale yametokana na kijana huyo. Watu hudhani ukileta mbuzi umeokoa gharama ya kibarua. Gharama haiondoki, inahama. Ilikuwa kwenye mikono inayofyeka, sasa iko kwenye macho yanayochunga. Asiye na mchungaji wa kuaminika afadhali abaki na vibarua wake.

Siku za mwanzo nilikuwa nakaa chini ya mkorosho kuwatazama tu. Mdomo wa juu wa mbuzi umepasuka katikati, na pande zote mbili zinacheza, kwa hiyo anaweza kuchomoa kijani kimoja katikati ya miiba miwili bila kuchomwa. Anakula kidogo hapa, anahama, anaonja pale, anarudi. Mkwamba ndio ulioliwa kwanza, majani na vitawi vyake vyembamba. Kisha mbuzi mmoja mkubwa jike akasimama kwa miguu ya nyuma, akaukumbatia mkulajembe kwa miguu ya mbele, akauvuta chini kwa uzito wake, na wenzake watatu wakaja kula tawi ambalo wasingelifikia. Nyasi hawakuzijali. Mbuzi ni mla majani ya vichaka kabla ya kuwa mla nyasi. Mwenye shamba ambalo tatizo lake ni nyasi ngumu, mbuzi si dawa yake. Atafute ng'ombe au fyekeo.

Baada ya muda mfupi chaka lilijichora mstari. Chini ya mstari matawi yalikuwa matupu, juu yake majani yalibaki kama yalivyokuwa, kwa sababu mbuzi aliyesimama wima naye ana mwisho wake. Hapo ndipo panga la kijana lilipofanya kazi. Hakukata miti ikaanguka. Aliikata nusu ya unene, kwa kimo cha kiuno, akaisukuma ikainama huku imeshikilia ganda upande mmoja. Mti ulioinama hivyo hubaki na majani mabichi kwa muda, na yako kwenye usawa wa mdomo. Asubuhi moja ya kuinamisha miti ililisha kundi siku nzima, na kazi yake haikuwa hata robo ya kazi ya kufyeka.

Jambo la pili nililojifunza kwake ni kuwabana. Mbuzi wetu wa kienyeji mwenye kilo 25 au 30 anahitaji kwa siku chakula cha takribani kilo moja kikiwa kikavu, yaani kilo tatu au nne za majani mabichi. Ukizidisha kwa kundi zima unapata mzigo mkubwa wa majani kila siku, lakini mzigo huo una maana pale tu unapotoka sehemu moja. Waachie ekari nne wazi, watatafuta kitamu na kuacha kichungu, na msimu ukiisha umewapalilia magugu mabaya, yamebaki peke yake bila mshindani. Kijana aliwashikilia kwenye eneo dogo, akikaa upande wa kutokea, mpaka liliwe vya kutosha, ndipo anawasogeza. Kamba tulitumia kidogo sana, kandokando ya njia tu. Mbuzi akifungwa kamba ya katani katikati ya vichaka huzunguka kisiki kimoja baada ya kingine mpaka shingo inagusa ardhi, na ukichelewa unamkuta amekufa.

Lakini sehemu kubwa ya mafanikio ni wakati. Kula mara moja ni kama kunyoa nywele: zinarudi. Kichaka kina akiba yake kwenye mizizi. Mvua zikianza kinaitumia akiba hiyo kutoa machipukizi na majani mapya, na kwa majuma kadhaa mizizi inakuwa imekopwa, haijalipwa. Majani yakishakomaa ndipo yanapoanza kurudisha. Ukiwaleta mbuzi majani yakiwa yamefunguka vizuri lakini bado laini, umelikamata deni likiwa kubwa. Unawaondoa, unasubiri kichipuke tena, unawarudisha. Kila mzunguko machipukizi yanakuwa membamba zaidi. Wanaoleta mbuzi mwisho wa kiangazi kwa sababu ndipo malisho yao yameisha, wanawalisha mbuzi, chaka hawaligusi. Sisi tulifuata mvua: vuli baada ya manyunyu ya kwanza kushika, kisha tena katikati ya masika. Baada ya masika ya pili kulikuwa na mashina ya mkwamba ambayo kijana aliyang'oa kwa mkono ardhi ikiwa mbichi. Mkulajembe haukung'oka kwa mkono, ila haukuwa tena na nguvu ya kutoa vichipukizi sita.

Masika yenyewe ina adhabu yake. Minyoo hupanda kwenye majani ya chini yenye umande, na mbuzi akila karibu na ardhi anaisomba. Kundi lilikuwa halitoki zizini mpaka umande ukauke, hata kama wanalia. Mzee alikuwa na desturi ya kufunua kope la chini la kila mbuzi. Likiwa jekundu sawa, likipauka ampe dawa ya minyoo siku ileile. Kula vichaka kunasaidia hapo pia, kwa kuwa kichwa cha mbuzi kiko juu, mbali na ardhi. Na mbuzi wageni hawakuruhusiwa kuchanganywa na kundi kabla ya kutengwa kwanza, kwa hofu ya sotoka na homa ya mapafu. Kwa hili mzee hakuwa na mchezo. Jirani mmoja alikuja na mbuzi wake watano akisema amesikia huku wanaalikwa, akarudishwa njiani.

Lantana ilikuwa habari nyingine. Maua yake mazuri, majani yake ni sumu. Yanaharibu ini la mnyama, na ini likishindwa kazi ngozi inakuwa haivumilii jua: pua na masikio yanababuka, macho yanakuwa ya njano, mnyama anajificha kivulini na kuacha kula. Mbuzi waliozaliwa eneo lenye lantana wengi huipita tu. Anayeila ni mgeni aliyeletwa na gari akiwa na njaa, akashushwa mbele yake. Kwa hiyo usimhesabu mbuzi kuwa ndiye atakayekumalizia lantana. Yetu tuliichimba kwa sururu ardhi ikiwa na maji, kabla haijaweka matunda, maana ndege wakishayala huipanda hadi kwenye mipaka ya watu. Mbuzi walisaidia kwa kutufungulia njia tu. Kabla yao kisiki cha lantana hukifikii bila kuchanika nguo.

Mlusina ni kinyume. Wanaupenda kupita kiasi, na kwa kuwa una protini nyingi wananenepa haraka, mpaka mwenye mbuzi anaanza kutamani chaka lisiishe. Wakiula karibu peke yake kwa muda mrefu, manyoya huanza kunyonyoka. Ndani yake kuna kemikali iitwayo mimosini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Australia walishangaa kuona mbuzi wa Hawaii wanakula mlusina bila kudhurika, wakabaini kwamba tumboni mwao kuna bakteria wanaoivunja sumu hiyo, nao wakawahamishia kwenye mifugo ya kwao. Sisi tulitumia njia ya kijana: asubuhi mkulajembe na mkwamba, jioni mlusina kabla ya kurudi zizini. Hakuna aliyenyonyoka.

Sasa nije kwenye maganda. Mkulajembe unazaa maganda yaliyojisokota, yananing'inia kwa vishada, na kiangazi yakikauka mbuzi wanayakimbilia. Mbegu zake ni ngumu. Baadhi zinatafunwa, nyingine zinatoka nzima kwenye kinyesi, zimeshalainishwa na tumbo na zimezungukwa na mbolea. Yaani mnyama yuleyule anayeula mti mwezi wa nne anaupanda mwezi wa nane. Ndugu zetu wa Baringo, Kenya, walilipia somo la namna hii. Mti wa mathenge ulipelekwa kule mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Mbuzi wakapenda maganda yake matamu, mti ukasambaa mpaka ukafunga malisho, na sukari ya maganda ikaoza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wenyeji Wailchamus waliishtaki serikali yao, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani Nairobi awe kielelezo. Kwa hiyo kwetu msimu wa maganda kundi halikupelekwa chini kwenye minazi kutoka chakani moja kwa moja. Lilibaki juu kulekule kwenye chaka, na samadi ya miezi hiyo tuliirundika, tukaimwagia maji na kuigeuza mpaka ikachemka, ndipo ikaenda shambani. Hata hivyo miche michache ilijitokeza kwenye matuta ya mchicha. Ikiwa ya kidole kimoja inang'oka bila tabu.

Chini ya minazi mikubwa mbuzi hawana madhara, shina halina wanachotaka. Miche ya minazi wanaimaliza. Mikorosho mikubwa nayo inavumilia, ila mabibo wanayapenda mno, na wakipita kipindi cha korosho kuanguka wanakanyaga kila kitu. Sisi tuliwapitisha kabla ya msimu. Ardhi ilikuwa safi, na waokotaji walimaliza mapema kwa sababu hawakuwa wanapekua majani.

Michungwa ndiyo hatari hasa. Mbuzi anapenda jani la mchungwa, na akilimaliza anageukia ganda la shina. Mwaka wa pili, alasiri moja ya joto, kijana alipitiwa na usingizi, na mbuzi watatu wakateremka bondeni. Walipofukuzwa walikuwa wamekwishachuna miti mitatu. Miwili ilichunwa upande mmoja, ikapona. Wa tatu ulichunwa ganda kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo chakula cha majani hakishuki tena kwenye mizizi. Ulichukua muda kufa, lakini ulikufa. Mzee alikuja mwenyewe kesho yake na mche wa mchungwa kwenye mfuko wa plastiki, kama tulivyopatana.

"Mche kwa mche, Mwalimu."

"Mzee, ule ulikuwa unatoa magunia. Huu utanipa chungwa nikiwa na mkongojo."

Hakukasirika. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alifurahi sana kuona kesi ya mbuzi ambayo walalamikaji wamekuja pamoja wakiwa na mada ya kujadili. Tukaandika upya: mche kwa mche, na mti unaozaa kwa mbuzi jike mmoja ambaye hajazaa. Kuanzia siku hiyo kijana aliletewa mwenzake wa kumpokea saa za mchana, jambo ambalo maneno yangu hayakuwa yameweza kulileta. Anayetaka kufanya mapatano ya aina hii aandike thamani ya mti, asiandike mti. Na aandike mbele ya mtu wa tatu.

Kumaliza ni kazi ya mtu, hilo halina ubishi. Mbuzi wanadhoofisha, hawang'oi. Kiangazi cha mwaka wa tatu tuliingia na vibarua, wachache kuliko wale wa baba, na wakati huu waliona wanachokikata. Mashina tuliyakata chini ya usawa wa ardhi, baada ya kuchimbua udongo kidogo pembeni, ili hata shina likitaka kuchipua lianze chini gizani. Kuni za mkulajembe ni nzuri sana, zinashika moto muda mrefu na hazina moshi mwingi, na akina mama wa kitongoji walizibeba wenyewe kwa makubaliano kwamba kila anayebeba mzigo anang'oa na mizizi aliyoiona. Mizizi mingi iliondoka hivyo, bila malipo.

Ekari mbili za juu sasa zina mihogo na kunde. Mihogo imeleta sharti jipya. Mingine ni ya aina chungu, na majani yake yana sumu inayoweza kumuua mbuzi kabla hujamfikisha kwa daktari wa mifugo, kwa hiyo njia ya kundi imezungushwa kwa nyuma, kando ya mpaka. Ekari zilizobaki, upande wa mlusina, bado zinahitaji mizunguko.

Ila sasa mzee si yule niliyemkuta. Wenye mashamba wawili barabarani wamemfuata wakitaka mbuzi, na mmoja amempa fedha taslimu. Mwezi uliopita alinisimamisha sokoni.

"Mwalimu, chaka lako linaisha na mbuzi wangu wamenenepa. Vuli hii nani anamlipa nani?"

Nikamwambia aje tuzungumze. Mimi nitaweka mezani samadi, kwamba safari hii nusu aichukue yeye, na chakula cha wachungaji wawili badala ya mmoja. Fedha sitaitaja mpaka aitaje yeye.